Tangazo la Pensheni Nililolipamba

Mpaka leo mtu akisifu Kiswahili changu natamani kutema mate. Nasema hivyo waziwazi, na atakayeniona mkorofi na anione. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilisoma matangazo katika redio moja ndogo ya hapa Lubumbashi. Tangazo la msiba, la mbuzi aliyepotea, la misa ya shukrani, la maji yatakayokatwa katika mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo. Watu walileta karatasi zao kwa Kifaransa, mimi nikazigeuza Kiswahili, nikazisoma saa sita na nusu mchana, wakati akina mama wanapika bukari, ugali wetu wa kila siku. Sokoni walikuwa wananisimamisha. "Papa, sauti yako iko muzuri, na ile Swahili yako ni ya mu bitabu kabisa!" Mimi huyo, kichwa kinavimba.

Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa yaya. Ndivyo tunavyomwita kwetu dada mkubwa. Babu yetu alishuka kutoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi ya reli, baba akamfuata katika kazi hiyohiyo, na lupango wetu, yaani kiwanja chenye nyumba yetu, uko Kamalondo hadi sasa. Mama alifariki nikiwa darasa la nne. Tangu siku hiyo yaya ndiye aliyenifulia, aliyenipeleka katekisimu, aliyenichapa nilipostahili na wakati mwingine hata nisipostahili. Aliacha shule ili mimi niendelee. Hakunikumbusha jambo hilo hata siku moja, na mimi kwa uvivu wa moyo sikulitaja.

Alikuwa mfuaji wa shuka katika hospitali moja ya serikali. Shuka za hospitali si shuka za nyumbani, sina haja ya kueleza kilichokuwa ndani yake. Mikono yake ilichubuka kwa maji ya javeli, ile dawa kali ya kung'arisha nguo, na harufu ile haikumtoka hata Jumapili kanisani. Katika chumba cha kufulia, juu ya rafu ya sabuni, kulikuwa na redio. Ikifika saa sita na nusu yaya alifunga bomba. "Munyamaze kwanza, mudogo wangu anasema." Wenzake walinisimulia kwamba hata daktari akipita wakati huo alinyamazishwa. Nilicheka, nikaona ni haki yangu.

Siku moja, mvua zikielekea kuisha, alikuja redioni karani wa ofisi ya pensheni ya serikali. Alikuwa na koti la buluu, na mkononi kitumbua kilichokuwa kinadondosha mafuta. Alinipa karatasi moja ya Kifaransa iliyojaa maandishi mpaka pembezoni, na dole gumba lake likaacha duara la mafuta katikati ya ukurasa.

"Papa, mutugeuzie hii mu Swahili ya muzuri," alisema huku anatafuna. "Lakini musitie bintu mingi. Batu banachokaka mbio."

Karatasi yenyewe ilitia kinyaa kuliko yale mafuta. Niliisoma mara tatu kabla ya kuielewa, na mimi nilikuwa mtu wa kuishi kwa Kifaransa cha maofisi. Ilisema kuna umri wa aina tatu. Kulikuwa na umri wa kufunguliwa haki kwa njia ya kutangulia, umri wa haki ya kawaida, na umri wa haki iliyoboreshwa. Kila umri ulikuwa na mistari sita ya maneno yaliyovaa tai. Mtu aliyeandika vile hakuwa mjinga. Alijua anachosema, ila hakutaka kukutana na macho ya anayemwambia. Nimewaona watu wa namna hiyo katika maofisi maisha yangu yote, na bado sijazoea.

Sasa acha niseme mimi karatasi ile ilikuwa inasema nini, kwa kuwa siku ile sikusema. Ukiomba pensheni ukiwa na miaka hamsini na tano, utapewa pungufu, na pungufu hiyo utakwenda nayo hadi kaburini. Ukingoja miaka sitini, utapewa yote. Ukiendelea kufanya kazi baada ya hapo, utaongezewa kidogo. Hakuna anayekufukuza, ni wewe unachagua. Na ukishaomba mapema kisha ukajuta, una miezi mitatu ya kurudi kufuta. Basi. Maneno hayo mwanamke anaweza kuyabeba kutoka kwenye bomba la maji mpaka nyumbani bila kumwaga hata moja.

Mimi nilifanya nini? Niliipamba. Nilikaa na kalamu kwenye meza ya redio, nikatafuta maneno yenye mlio. Nikaandika hivi: "Wananchi wote waliofikisha umri wa miaka hamsini na tano wanaalikwa kwa heshima kufika kwenye dirisha la pensheni, ili wafaidi pensheni ya mapema. Pensheni ya kawaida itaanzia miaka sitini, na ile ya nyongeza itafuata baadaye." Ile habari ya kupunguziwa mpaka kufa niliiona ndefu na mbaya sikioni, nikaiacha. Ile ya miezi mitatu ilikuwa chini ya duara la mafuta, ikisomeka vizuri tu, nayo nikaiacha. Nilijiambia kwamba mwenye shida atauliza pale dirishani.

Niliisoma kwa juma zima, kila siku saa sita na nusu, na kwenye neno "wanaalikwa" nilikuwa naishusha sauti kidogo, kama padri anapofika kwenye mageuzo ya mkate na divai.

Mtu wa mji mwingine labda ataniuliza kosa liko wapi, kwani kualikwa ni kualikwa. Hapa kwetu serikali haialiki mtu kunywa chai. Karatasi ya serikali ikikualika, unaoga, unavaa viatu, unachukua kitambulisho na unaenda, na unashukuru ukirudi nyumbani siku hiyohiyo. Baba zetu waliitwa hivyo, na babu zetu pia. Halafu lile neno la mapema. Katika mji ambao maji hutoka bombani kabla jua halijachomoza kisha yakaondoka, mtu wa mapema ndiye anayepata, na anayengoja hubaki na ndoo tupu. Walioishi hapa wamewaona watu waliongoja haki zao za kazi hadi haki zenyewe zikapotea pamoja na kampuni. Nilikuwa nayajua yote hayo. Nimezaliwa humu. Niliwaambia watu wa Kamalondo kwamba kuna pensheni ya mapema na nyingine ya kawaida, na kwamba serikali inawaalika kwenye ile ya mapema, kisha nikaenda zangu shambani Lukafu kuvuna mahindi.

Nilikaa Lukafu muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kulikuwa na msiba upande wa mke wangu, baadaye barabara ikawa mbaya, baadaye mimi mwenyewe nikaugua malaria. Simu kule haishiki ila ukipanda juu ya kichuguu, na mgonjwa hapandi kichuguu. Niliporudi mjini ilikuwa katikati ya kiangazi, ambacho kwetu ni cha baridi. Siku ya pili nilimchukulia yaya gunia lake la mahindi kama nilivyofanya kila mwaka.

Nilimkuta amekaa barazani mchana kweupe, siku ya kazi, amevaa kikwembe kipya, mikono imelala mapajani. Sijawahi kuiona mikono ile imelala. Nilifikiri anaumwa.

"Yaya, hamukuenda ku kazi?"

Alicheka kwa furaha kabisa. "Kazi gani tena, mudogo wangu? Mi nilishamaliza. Balinisindikiza! Ungelikuwa hapa ungeliona. Batu mingi!"

Inabidi nieleze kusindikizwa. Katika familia za wafanyakazi wa mji huu, na pale hospitalini hasa, mtu akimaliza kazi wenzake hawamwachi aondoke peke yake. Wanashona kikwembe cha aina moja, wanambebea vitu vyake, wanamtoa kwa miguu kutoka kazini hadi mlangoni pake, wakiimba na kummwagia poda kichwani. Mtaa mzima unatoka kuangalia. Yaya alisindikizwa na wafuaji wote, beseni lake likiwa mbele kama sanamu ya mtakatifu siku ya maandamano. Na mtu akishasindikizwa harudi. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini akirudi watasema nyumbani kwake wamemfukuza, au kuna kitu alisahau kukiiba. Alikuwa na miaka hamsini na sita.

Nilimwomba karatasi aliyopewa. Aliitoa ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi yake ya ubatizo, akanipa kwa mikono miwili. Nikasoma kwa Kifaransa: pensheni ya kutangulia, upunguzo wa kudumu. Sahihi yake ilikuwa chini, zile herufi kubwa za mtu aliyeacha shule ili mwingine aendelee.

Nilimuuliza kwa nini hakunisubiri, kwa nini hakuniuliza kwanza. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kipuuzi.

"Nikuulize nini tena? Si ulisema we mwenyewe ku radio? Ulisema batu ba cinquante-cinq ans banabaalika. Mi niko na cinquante-six. Nilisema, aa, nisha kuchelewa mwaka muzima! Nilienda mbio."

Nilikuwa nimeshamjibu mbele ya mji mzima, juma zima.

Nilimweleza polepole. Nilitumia yale maneno machache ambayo ningeyatumia mwanzoni, na aliyaelewa mara moja, bila kuniuliza hata swali. Hilo liliniuma kuliko kama angenibishia. Alikunja ncha ya kikwembe, akaikunjua.

"Kumbe vile," alisema. "Kumbe mpaka kufa."

Kesho yake nilikwenda ofisi ya pensheni. Ukumbi wake ulinuka mkojo na karatasi zilizolowa. Wazee walikuwa wamekaa chini, migongo ukutani, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki. Juu ya vichwa vyao, kwenye ukuta, walikuwa wamebandika tangazo langu. Si la Kifaransa, langu mimi, lile la Kiswahili, limechapwa kwa herufi kubwa, na mtu alikuwa amelichorea maua pembeni kwa kalamu. Mama mmoja alikuwa analisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo inamcheza. Alipofika "wanaalikwa kwa heshima" alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimwona, nikapita.

Dirishani alikuwa yule karani wa kitumbua. Alinikumbuka, akafurahi. Nilimuuliza kuhusu yaya, akaangalia daftari.

"Ah, iko bado na wakati. Miezi tatu inaisha vendredi ya kesho kutwa. Akuye tu asinye, aweke sahihi yake, tunafuta. Ku hopitali hawajamuweka mwingine mu nafasi yake. Kesho yake anarudi mu kazi."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikamwomba atoe lile tangazo ukutani, nikamwambia halisemi ukweli wote. Alishangaa.

"Ee, papa! Iko muzuri sana. Mbele ya ile, batu habakukuwa banakuya. Sasa banakuya mingi. Hata chef alisema, huyu mutu anayua kuandika."

Ningeweza kunyoosha mkono na kulichana. Lilikuwa limeshikwa kwa gundi ya unga tu. Sikulichana, maana watu walikuwa wanaangalia, na mimi ni mtu wa heshima zangu. Loo! Nachukia neno heshima tangu siku ile.

Nilirudi Kamalondo karibu nikikimbia, nikamwambia yaya ajitayarishe, Ijumaa twende afute, Jumamosi arudi kazini, miaka minne itapita na atapata yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema hapana.

Nilikasirika, nikapayuka. Nilimwambia poda na nyimbo hazitamlisha uzeeni. Nilimwambia mila hizi ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Aliniacha nimalize, kama alivyoniacha nimalize kulia nilipokuwa mtoto.

"Mudogo wangu, sikiliza," alisema. "Mi sikatai kurudi. Ile kazi naiweza bado. Lakini nitapita mu njia ileile balinisindikiza, batu banauliza, we mama, ulifanya nini? Nitajibu nini? Nitasema kama mi ni mujinga? We ulisema ku radio. Useme tena ku radio. Useme tu kama ulikosa, kama batu ba cinquante-cinq ans habalazimishwe. Nikisikia vile, na batu basikie, navaa viatu, naenda kufuta siku ileile. Mi peke yangu na haya yote, hapana."

Niseme kweli, lilikuwa ombi dogo. Sekunde ishirini. Niliandika maneno hayo usiku huohuo, uso wangu wa kujivuna nikiuweka kando kwa mara ya kwanza, bila hata pambo moja: "Tangazo la pensheni nililolisoma lilikuwa na kosa, na kosa ni langu. Mwenye miaka hamsini na tano halazimiki kuomba. Akiomba atapunguziwa maisha yake yote. Aliyekwisha omba ana miezi mitatu ya kufuta." Ni Kiswahili bora kuliko chote nilichowahi kuandika, na hakuna aliyekisikia.

Alhamisi nilimwonyesha mkurugenzi wa redio. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, mtu mpole, anayependa kuvuta kiti karibu na wewe kabla ya kukuumiza. Alisoma, akaiweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja.

"Papa, hii ofisi banatuletea matangazo kila mwezi," alisema. "Ukisema radio ilidanganya, nani atatuamini? Mi sikukatazi. We ni mukubwa wangu. Ila nikuulize kitu moja. We mwenyewe ulibakiza miaka ngapi kufikia soixante ans?"

Nilikuwa na hamsini na miwili. Nilibakiza minane. Alijua, maana faili langu lilikuwa ndani ya kabati lililo nyuma ya mgongo wake. Hakunitisha zaidi ya hapo wala hakuwa na haja. Mimi ndiye niliyekuwa nazijua zile aina tatu za umri kuliko mtu mwingine yeyote mjini. Nilijua mtu akitolewa kazini kabla ya sitini anaangukia wapi. Nilisimama, nikamwambia nitafikiri, nikashuka ngazi.

Ijumaa niliingia chumba cha kusomea na karatasi mfukoni mwa shati. Nilisoma msiba wa Kenya. Nilisoma misa ya wafu. Nilisoma kuhusu watu wa maji. Fundi aliyekuwa upande wa pili wa kioo aliinua kidole kuonyesha nina nusu dakika imebaki. Nusu dakika! Ilitosha kusoma mara mbili. Nilishika mfuko wa shati, nikaisikia karatasi inapiga kelele ndani ya kitambaa, kisha nikawatakia wasikilizaji mchana mwema wenye baraka. Kwa sauti yangu ileile.

Nilikwenda Kamalondo kwa miguu, polepole, nikitumaini kufika ofisi zikishafungwa ili pasiwe na la kufanya tena. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga njiani, na nimeiandika kama ilivyokuwa. Yaya alikuwa barazani. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kufungwa, vile vya kazini, na mfuko wa karatasi alikuwa nao mapajani. Redio ilikuwa imeshazimwa. Sikujua amekaa hivyo muda gani.

"Nilisikia yote," alisema. "Mpaka mwisho."

Nilianza kueleza habari za mkurugenzi, za ofisi, za ule muda mfupi. Aliinama akafungua kamba za viatu, akavivua kimoja baada ya kingine, akaviweka chini ya kiti. Kisha akaniuliza kama nimekula. Niliketi, nikaletewa bukari na mboga ya lengalenga, nikanawa, nikala. Nilikula yote. Katika mambo yote ya mwaka ule, sahani ile iliyokwisha ndiyo inayonichukiza zaidi, kwa sababu nilikuwa na njaa na chakula kilikuwa kitamu.

Nilitimiza sitini kazini. Nilipewa pensheni ya kawaida, kamili, bila kupunguziwa hata kidogo, na kwenye dirisha lile hakuna aliyehitaji kunieleza chochote. Yaya anapokea ile yake iliyokatwa. Anauza mkaa mbele ya lupango, vifungu vidogovidogo, na mikono yake sasa ni myeusi badala ya kuchubuka. Ninamsaidia ninavyoweza, anashukuru kila mara, na kila anaposhukuru natamani anitukane.

Juzi, Jumapili mchana, nilikuwa barazani kwake alipokuja rafiki yake mmoja wa zamani kutoka chumba cha kufulia. Yeye naye alikuwa ameomba mapema, miezi michache baada ya yaya, kwa tangazo lilelile, na sasa tu mtoto wake aliyesoma ndiye amemfumbulia ile karatasi. Aliingia kwa hasira. Hakunisalimu. Alisimama mbele yangu, bado ana vumbi la njia miguuni, akaninyooshea kidole.

"Huyu!" alisema. "Huyu njo alitudanganya ku radio! Papa, ulitufanyia nini? Batu bazima batatu mu chumba yetu balisinye juu yako!"

Nilifungua mdomo. Nadhani ningesema. Nataka kuamini kwamba safari hii ningesema. Lakini yaya alishainuka kutoka kwenye mkaa wake, akajifuta mikono kwenye kikwembe, akamshika yule mama bega na kumkalisha.

"Hapana, mama, usimusingizie," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mudogo wangu alisema muzuri. Alisema yote. Shiye njo hatukusikia muzuri."

Yule mama alimtazama, akanitazama mimi, akasubiri niseme neno. Yaya hakunitazama. Nilikaa palepale, nikanyamaza, na baada ya muda yule mama akaniomba radhi.